Tupeane uzoefu: chumba chako cha kurekodia umekitulizaje?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Sakina, Arusha, chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, kuta za plasta, sakafu ya taili. Narekodi wanakwaya na vijana wa bongo fleva. Miaka miwili kila sauti ilitoka kama mtu anaimba bafuni. Nikalaumu maiki, nikaiuza, nikanunua ya kondensa ya bei kubwa. Hali ikazidi, maana kondensa inanasa kila kitu, kuta nazo zikiwemo.

Siku moja nikapiga kofi katikati ya chumba. Likajibu "trrr", kama kitambaa kinachochanika. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kachumba kama haka inagonga ukuta na kurudi kwenye maiki haraka mno, inapanda juu ya ile ya kwanza. Husikii mwangwi, unasikia uchafu tu.

Nilichukua mablanketi mawili mazito ya mtumba soko la Kilombero, nikayatundika kwenye kamba, nikaacha shubiri moja hadi ukutani. Niliyaweka nyuma ya mwimbaji, siyo nyuma ya maiki. Hapo wengi tunakosea: maiki ya kardioidi, yaani inayosikia zaidi upande wa mbele, mgongoni haisikii sana, ila uso wake unamtazama mwimbaji pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Dada mmoja wa kwaya alirudia beti lilelile. Alipovaa hedifoni akasikia hadi pumzi yake kabla ya neno la kwanza, akaniomba nirudishe mara tatu.

Leteni na ya kwenu.

Mdau, Pasua Moshi: Mimi nilibandika trei za mayai ukuta mzima. Msijisumbue. Ni karatasi nyembamba, zinatawanya kidogo sauti za juu, mvumo wa chini unabaki palepale. Na jogoo wa jirani bado anaingia kwenye rekodi. Kutuliza chumba na kuzuia kelele za nje ni kazi mbili tofauti.

Mdau, Ngarenaro: Niliimba nikiwa nimeingiza kichwa kwenye kabati la nguo. Mwangwi uliisha, lakini sauti ikawa ya ndani ya sanduku. Nguo zilikula sauti za juu, besi ikabaki. Sasa nasimamisha godoro la inchi sita konani, naimba mbele yake.

Mdau, Rau: Kabla ya kununua chochote, sogea. Ukipunguza nusu ya umbali kutoka kwenye maiki, sauti yako inapanda desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, ya chumba haibadiliki. Mimi nakaa shubiri moja, na soksi safi juu ya maiki kuzuia upepo wa "p" na "b". Masika, bati likianza kulia, nazima mashine.

Mwanzisha mada: Asante mkuu wa Rau, hilo la umbali nalijaribu usiku huu. Kuna aliyetuliza dari ya jipsamu bila kutoboa? Mwenye nyumba hataki misumari.

Mdau, Ngarenaro: Kamba dirishani hadi juu ya mlango, tandaza blanketi juu ya kichwa cha mwimbaji. Inatosha.