Akaunti za benki na mfumo wa uhasibu: faili la usiku, API, au kampuni ya kati?

Bi_Leja
Wakuu, habari za kazi. Kampuni yetu ina akaunti katika benki nne. Mpaka leo kijana wa hesabu anaingia kwenye tovuti ya kila benki asubuhi, anapakua faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), anapanga safu upya, ndipo anaingiza kwenye mfumo. Nimewekewa njia tatu mezani: benki itume faili la taarifa kwenye seva yetu kila usiku, tuunganishe moja kwa moja API za benki (mlango ambao mfumo wetu unaulizia data kwa mfumo wa benki), au tulipie kampuni ya kati inayokusanya data za benki zote. Miamala ni mia kadhaa kwa siku. Mngechagua ipi?

Seva_Kuu
API, dada, bila kusita. Salio unaliona muda huohuo, mteja akilipa ankara inafungwa palepale na mzigo unatoka. Faili la usiku linakupa habari za jana.

Mzee_wa_Debiti
Seva_Kuu, polepole kidogo. Habari za jana ndizo zinazofunga vitabu. API nyingi zinaleta pia miamala ambayo haijakamilika. Kesho yake inabadilika tarehe, inabadilika kitambulisho, au inafutika kabisa. Ukishaiingiza kwenye leja, yaani daftari kuu la hesabu, umejipa kazi ya kuifukuza. Faili la camt.053, yaani taarifa ya akaunti katika kiwango cha kimataifa cha ISO 20022, linakuja siku ikishafungwa, likiwa na salio la mwanzo na la mwisho. Hesabu ikigoma katikati yake, faili zima linakataliwa kabla halijagusa leja. Kwenye API ukaguzi huo mara nyingi utautengeneza mwenyewe.

Nukta7
Niongezee hapo kwa Mzee. Bi_Leja, benki ikikuambia "tunatuma faili", uliza ni la muundo gani. Nyingine zinatoa MT940, muundo wa zamani wa taarifa ya akaunti wa SWIFT, mtandao wa ujumbe wa mabenki. Humo maelezo ya muamala yanabanwa kwenye sehemu ya 86, mistari sita ya herufi 65, na kila benki inaijaza inavyopenda. Jina la mlipaji, namba ya ankara na maneno ya mteja vinakuja vimerundikana, nanyi mtaandika kanuni za kuvichambua benki kwa benki. camt.053 ina mahali pa kila kitu. Tena mkituma malipo kwa pain.001 (faili la maagizo ya malipo la ISO 20022 hiyohiyo), ile EndToEndId, namba ya utambulisho wa malipo mliyoiandika nyinyi, inapaswa kurudi kwenye taarifa, na mfumo unaoanisha bila mtu kukisia. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko kasi. Ombeni faili la mfano lenye miamala ya akaunti yenu wenyewe. Lile la kwenye kijitabu cha benki huwa safi mno.

Seva_Kuu
Kwa miamala isiyokamilika sibishi, ila inachujwa tu kwa hali yake: iliyokwisha kuandikwa inaingia kwenye leja, inayosubiri inaishia kwenye skrini ya mtunza fedha. Na faili nalo lina visa vyake, Mzee. Benki ikilituma mara mbili?

Mzee_wa_Debiti
Lina kitambulisho chake. Likijirudia, linakataliwa.

Tumaini_K
Kampuni ya kati mmeiruka. Sisi tunatumia hiyo, na kwa kuongeza benki mpya haina mpinzani. Shida yake ni ruhusa ya kusoma akaunti, ambayo inaisha muda. Kwa mfano Ulaya, chini ya sheria ya PSD2, mwenye akaunti alitakiwa kujithibitisha upya kila siku 90, na mwaka 2023 zikawa 180. Mwenye akaunti akiwa mkurugenzi aliyeko safarini, data zinakauka kimyakimya: mfumo hauonyeshi hitilafu, unaonyesha siku isiyo na mapato! Waulizeni pia data wanazipataje. Kama wanaingia kwenye tovuti ya benki kwa nenosiri lenu na kusoma kurasa, kimbieni. Benki ikibadili sura ya ukurasa kila kitu kinasimama, na muda wote huo nenosiri linaloweza kuhamisha fedha liko kwa watu wengine.

Bi_Leja
Asanteni sana. Nimefuatilia: benki mbili zina camt.053, moja ina MT940 pekee, ya nne ina API lakini haitumi faili. Nichanganye, au nisubiri zote ziwe na muundo mmoja?

Mzee_wa_Debiti
Usisubiri, dada, utazeekea hapo. Kila chanzo kigeuzwe kwanza kuwa muundo wenu: akaunti, tarehe ya kuandikwa, tarehe ya thamani (siku fedha zinapoanza kuhesabika kwenye akaunti), kiasi, sarafu, namba ya kumbukumbu, na maelezo kama yalivyokuja. Mfumo wa uhasibu usome huo tu. Faili asili lihifadhiwe bila kuguswa, mkaguzi atalitaka. Kwa benki ya nne, vuteni asubuhi miamala ya jana tu, mlinganishe na salio la mwisho.

Seva_Kuu
Hapo nakubali. Salio la papo hapo mtalitazama kwa API hiyohiyo, lisiingie kwenye leja.

Nukta7
Na ruhusa ya kusoma itenganishwe na ya kulipa, hata fundi akisema ufunguo mmoja unatosha. Vyeti vya API, vile vya kidijitali vinavyoutambulisha mfumo wenu kwa benki, vina tarehe ya kuisha. Iandikwe kwenye kalenda ya idara, si kwenye simu ya fundi.