Je, mwenyekiti wa LC1 awe pia mwenyekiti wa klabu yetu ya maendeleo?

Mkaazi wa Koboko
Ndugu zangu, salaam. Kijijini kwetu tuna klabu ya maendeleo iliyoanza kama kikundi cha kuweka akiba, na sasa ina shamba la pamoja la mihogo pamoja na kamati ya kutunza kisima cha pampu. Muhula wa viongozi wetu unakaribia kwisha, na wazee kadhaa wanapendekeza mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji hapa Uganda, apewe pia uenyekiti wa klabu, kwa hoja kwamba yeye ndiye anayejulikana gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya) na ndiye anayepigiwa simu kila mpango wa serikali unapokuja. Vijana wanapinga, ila hawathubutu kusema hadharani, kwa kuwa kesho watahitaji barua yake yenye muhuri. Je, klabu inaweza kuusaidia uongozi wa kijiji bila kumezwa nao?

Mama Akiba, Tororo
Ndugu wa Koboko, hofu ya vijana wenu ina msingi, na dawa yake imo katika namna ya kupiga kura. Mwezi Julai 2018, tulipochagua viongozi wa LC1, watu walijipanga foleni nyuma ya wagombea, kila mtu akimwona jirani yake amesimama wapi. Katika vikundi vya akiba tulifundishwa njia nyingine: kila mgombea huwekewa mfuko wake mahali palipofichika, na mwanachama huingia peke yake na kijiwe mkononi, akakitumbukiza anapotaka. Mkitumia vijiwe, mwenyekiti wa LC1 na agombee kama mwanachama mwingine yeyote. Akishinda hapo, ameshinda kweli. Mimi binafsi nisingempa kura yangu, maana wanachama wawili wakigombania mkopo, kesi inakwenda kwa nani ikiwa mwamuzi wa kijiji ndiye aliyeutoa?

Mwalimu wa Kigezi
Naunga mkono, na ningependa kuongeza mfano wa huku kwetu milimani, ambako vikundi vya engozi, yaani vya machela, vimekuwapo tangu enzi za babu zetu. Kaya zote za mlima huwa wanachama, mgonjwa hubebwa mabegani kwa zamu hadi barabarani au hospitali, na anayekwepa zamu yake hutozwa faini hata kama ana cheo. Baadaye vikundi hivyo vilianza kukopeshana fedha na kusaidiana misibani. Mwaka 2010 Hospitali ya Jamii ya Bwindi, wilayani Kanungu, ilipoanzisha bima ya afya, iliwafikia watu kupitia vikundi hivyo hivyo, kwa sababu tayari vilikuwa na orodha ya wanachama, desturi ya kuchanga na viongozi wanaoaminika. Nguvu hiyo haikutokana na muhuri wa mtu yeyote. Ilitokana na faini inayomwangukia kila mtu sawasawa, na sijui kama mwenyekiti wenu wa LC1 angekubali kutozwa.

Mkaazi wa Koboko
Asante, mama, na asante, mwalimu. Suala la faini sikuwa nimelifikiria. Lakini wazee watauliza: bila yeye, nani atatufikisha kwenye fedha za serikali?

Diwani mstaafu, Busia
Hapo wazee wanachanganya mambo mawili. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, LC1 ni ngazi ya utawala tu. Bajeti hupitishwa gombolola, kwenye LC3, na wilayani, kwenye LC5, na gombolola za vijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato zinayokusanya. Kwa hiyo kisima chenu kitengewe fedha huko, na mtu wa kumfuata ni diwani wenu pamoja na afisa maendeleo ya jamii, ambaye ndiye pia anayeshughulikia usajili wa vikundi. Nendeni mapema, mipango ikiwa bado inaandaliwa, kwani mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kufikia Mei karibu kila shilingi imekwisha kupangiwa kazi. Bebeni daftari la mahudhurio na hesabu za shamba. Nilipokuwa barazani, maombi yenye daftari yalijadiliwa, na yale yenye hotuba yaliahirishwa. Fedha za Mpango wa Maendeleo wa Parishi, ulioanza 2022, nazo hupitia SACCO ya parishi, yaani ngazi iliyo kati ya kijiji na gombolola, na kumfikia mwanakaya kama mkopo, kwa hiyo LC1 hana mfuko wa kuwafungulia. Mheshimuni, mwalikeni kwenye mikutano, na mkabidhini nakala ya taarifa ya mwaka, kwa sababu barua yake ya kumthibitisha mkazi bado inahitajika.

Mkaazi wa Koboko
Nimekuelewa, mzee. Ameshatuma ujumbe kwamba, akikosa uenyekiti, angalau apewe ufunguo mmoja wa sanduku letu la akiba.

Mama Akiba, Tororo
Hapana, ndugu. Kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu wasio katika kamati wala si jamaa wa anayelaza sanduku nyumbani kwake. Mpeni kiti cha mbele siku ya kugawana akiba, ashuhudie hesabu ikisomwa.