Naomba ushauri: HiAce ya kulala ndani, injini ya 1KZ au 3L?

Wakuu, salaam. Niko Lindi mjini, natafuta gari kuukuu lenye kitanda ndani, niwe napeleka wageni Kilwa Masoko, Mikindani mpaka Msimbati. Nimepata mawili, yote HiAce za miaka ya 90.

La kwanza lina 1KZ-TE, dizeli ya tabo (turbo, ya kuongeza nguvu), cc 2982. Linavuta kwelikweli, ila mafundi wanaiogopa: ikichemsha, silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) hupasuka. Mwenye gari anaapa halijawahi kuchemsha. Mbona basi kwenye rejeta nimekuta maji ya bomba matupu, kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) hakuna? La pili ni 3L, halina tabo. Mlimani linajikokota, na mimi nitabeba tangi la maji, jiko na watu wanne.

Nitajuaje hedi ni nzima bila kuifungua? Nimeambiwa niiwashe asubuhi ikiwa ya baridi, niangalie mapovu kwenye rejeta na oili iliyogeuka rangi ya maziwa. Inatosha? Mkanda wa taimingi nao hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini kilomita za kwenye dashibodi za magari haya nani anaziamini? Nitaubadili tu. Kutu ya chini nimeshaiona, hiyo ya pwani tumeizoea.

Mwenye 1KZ huku kusini, joto hili unalimudu vipi?