Tupeane uzoefu: chesi, ngome kwa ngome na askari mmoja, saa inakimbia

Shangani, Mtwara
Wakuu wa Mtwara na Lindi, wazoefu wawili wakikutana mashindanoni, mechi nyingi huamuliwa hapa: kila mmoja kabaki na mfalme na ngome, ila mmoja ana askari wa ziada. Naanza na anayelinda. Mfalme wako akae mbele ya askari wa mpinzani, ngome ikae safu ya tatu kuhesabu toka kwako, iende kulia na kushoto tu. Mfalme wake hapandi. Askari akiingia safu hiyo, papo hapo peleka ngome mwisho wa ubao upande wake, mpige cheki kwa nyuma. Hana pa kujificha, maana askari ameshampita. Wengi huiondoa ngome mapema, sare inapotea.

Masasi
Sahihi kabisa mkuu. Anayeshambulia naye apange hivi (herufi ni mstari wa wima, namba ni safu): nyeupe mfalme g8, askari g7, ngome f1, nyeusi mfalme e7, ngome h2. Mpige cheki kwa ngome e1, mfalme wake anakwenda d7. Sasa ngome e4! Safu ya nne, si nyingine. Akingoja kwa ngome h1, toa mfalme f7. Akikupiga cheki f1, nenda g6. Cheki g1, nenda f6. Cheki f1, nenda g5. Cheki g1, ziba kwa ngome g4. Basi, askari anakuwa malkia. Ngome ikibaki e1 huna cha kuziba nacho, cheki haziishi. Na ukiwa f6 akaacha kupiga cheki, ngome e5, halafu g5.

Lindi mjini
Naongezea ya mezani, maana pointi zinapotea kizembe mno. Kwenye dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kila hatua, unaandika hatua kwenye karatasi mpaka mwisho hata ukibakiwa na sekunde. Hali ya ubao ikielekea kujirudia mara ya 3 nawe unataka kudai sare, usiicheze hiyo hatua: iandike, simamisha saa, mwite mwamuzi. Ukiicheza na kubonyeza saa, haki ya kudai imeshahama kwa mpinzani. Dai lisipokuwa sahihi, mpinzani anaongezewa dakika 2.

Askari akifika mwisho na malkia wa akiba hayupo mezani, usigeuze ngome kichwa chini. Hiyo inahesabiwa ngome! Simamisha saa, omba malkia.

Shangani, Mtwara
Hiyo ya ngome ya kugeuza wengi wameizoea barazani, asante ndugu. Na huku kwetu jasho linateleza vidoleni: kete ikikaa vibaya, tamka "narekebisha" kabla ya kuigusa, tena zamu ikiwa yako.