Baba mdogo kaugulia Muleba tukielekea Namugongo, tunaendeleaje?

mwana_igoma
Tumsifu Yesu Kristu wakuu. Katikati ya mwezi wa nne tulitoka Mwanza kwa miguu mi na baba mdogo, tunaiwahi sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni Namugongo, kule Uganda karibu na Kampala. Tukavuka lile daraja la Kigongo-Busisi, kilomita 3 juu ya maji upepo unataka kukuvua kofia, Sengerema, Geita, Biharamulo, mwendo safi kabisa mpaka mi ndo nikawa namwomba apunguze. Kumbe mzee ana lengelenge chini ya unyayo tangu Geita na hajui, ana sukari mwaka wa kumi huu, miguu ina ganzi. Tunafika Muleba jioni anavua kiatu, soksi imelowa usaha. Usiku homa. Kalazwa siku 6 kwa sindano, ndo tukarudi na basi, kimya njia nzima, hata mkungu wa ndizi wa kupeleka nyumbani hatukununua.

Leo tarehe 15 Mei, kidonda kimepungua ila hakijafunga, na mzee kashapanga begi!! Anasema aliweka nadhiri, na hija ikikatika inaanza upya Mwanza. Mama mdogo kaninunia, eti mi ndo niliyempeleka akaumie. Niende peke yangu? Nimsubiri? Turudi wote tuanzie pale pale Muleba? Msinitukane jamani.

mama_zamu
Milele amina mwanangu. Mi nesi mstaafu, vidonda vya sukari nimevifunga mpaka nikachoka. Kidonda kikiwa wazi hatembei, hapo hakuna mjadala. Kila hatua inakandamiza pale pale, na kwa vile hasikii maumivu mwili haumwambii simama, vidole vinakatwa hivyo hivyo. Na kukauka kwa juu sio kupona, ngozi mpya ni kama ya kitoto, hata kikifunga aanze na kwenda dukani na kurudi kwanza. Hizo siku zilizobaki hazimtoshi.

Siku akirudi barabarani basi kila jioni WEWE ndo umkague nyayo na katikati ya vidole, yeye haoni na hasikii. Asubuhi ingiza mkono kwenye kiatu kabla hajavaa, kijiwe kimoja tu kinatosha. Lengelenge msitumbue. Halafu anatumia dawa gani? Kama ni insulini au vidonge vya glibenklamaidi, kutembea kutwa kunashusha sukari, atembee na pipi mfukoni na asiruke mlo. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya kutafuna njiani mizuri ila sio ndo chakula cha siku.

katekista_mstaafu
Hilo la kuanza upya katoa wapi mzee wetu? Hija sio mbio za kijiti. Nadhiri binafsi paroko wake ana mamlaka ya kumwondolea au kuibadilisha, aende ofisini akaongee naye, asijihukumu mwenyewe sebuleni.

Na mkumbushe hivi: kati ya wale mashahidi 22 sio wote walifika Namugongo. Gonzaga Gonza minyororo ilimtafuna miguu mpaka akashindwa kutembea, wakamuulia njiani tarehe 27 Mei 1886. Paulo VI alipowatangaza watakatifu 1964 hakuna aliyeuliza huyu alibakiza kilomita ngapi.

dogo_wa_kirumba
Msukuma akishapanga begi utamtoa wapi 😂 Mkuu we anzia Muleba, mpaka siku yenyewe unafika bila kukimbizana. Mzee apande basi mwishoni mkutane kulekule. Kadi ya homa ya manjano mnazo? Pale mpakani Mutukula wanaiuliza, na chanjo inahesabika baada ya siku 10.

mwana_igoma
Kadi tunazo, tulichanja mwezi wa tatu. Nimemsomea hiyo ya Gonzaga, kakaa kimya muda mrefu halafu akaenda kuitoa rozari kwenye begi lake akanipa. Jumapili naanzia Muleba, pale pale alipovulia kiatu, na mama mdogo kakubali mzee aje na basi tarehe 1. Ila mzee kaweka sharti, kutoka stendi Kampala mpaka Namugongo atembee, sio mbali sana. Mama_zamu vipi hapo, kidogo tu?

mama_zamu
Hapana. Apande bodaboda, wewe ubebe begi lake.