Niliandika kosa la mzee kwenye ripoti ya mechi, sasa haji tena uwanjani. Ilitakiwa niandikeje?

MwanaPangani:

Wakuu habari za wikendi, na wakubwa zangu humu shikamooni. Mimi nipo Ohio huku Marekani mwaka wa 22 sasa, nina miaka 63, na tangu nistaafu nacheza softboli kwenye ligi ya wazee wa miaka 60 kwenda juu, ni mambo ya kujifurahisha hakuna hela wala kombe la maana, ila jamani tunaipenda ile ligi kuliko mnavyoweza kufikiria. Tupo 16 timuni, Mwafrika ni mimi peke yangu. Nahodha alinipa kazi ya kuandika ripoti baada ya kila mechi, nawatumia kwa imeli kwa Kiingereza, wanasoma wachezaji na wake zao mpaka wajukuu, halafu naiandika upya kwa Kiswahili naitupa kwenye grupu la familia kule Tanga maana wadogo zangu wanaifuatilia kama wanavyofuatilia Coastal Union.

Kwa wasioujua mchezo, ni ndugu yake beisiboli ila mpira ni mkubwa zaidi na unarushwa kwa mkono wa chini, sisi wazee tunacheza ule wa taratibu ambapo mpira lazima upande juu kati ya futi 6 na futi 12 ndiyo ushuke kwa mpigaji. Mechi ina zamu 7, upande mmoja unapiga mwingine unadaka mpaka watolewe watu watatu, mnabadilishana. Ukizunguka beisi zote, yaani vile vituo vya kukimbilia, ukarudi nyumbani pale unapopigia, ni pointi. Kwa wazee kuna sheria za kutuhurumia miguu na mifupa: beisi ya kwanza inakuwa mbili zimeungana, nyeupe ya mdakaji na ya rangi ya chungwa ya mkimbiaji ili watu wasigongane, na ukishafika beisi unaruhusiwa kuomba mwenzio akukimbilie.

Sasa tatizo lenyewe. Alhamisi ya wiki juzi tunaongoza 14 kwa 13, zamu ya 7, wenzetu ndio wanapiga, tumeshatoa wawili bado mmoja tu tuondoke na mechi yetu. Wana watu beisi ya pili na ya tatu. Ukapigwa mpira wa juu kwenda nyuma kushoto, kule anasimama mzee wetu ana miaka 74, goti la kulia la bandia, ndiye mkubwa kuliko wote. Ilikuwa saa moja na nusu jioni, huku kiangazi jua linakuwa bado lipo, na ukisimama kushoto kwenye uwanja ule linakuja usoni moja kwa moja. Nilimuona akinyanyua glavu, akarudi hatua moja, akaweka mkono wa pili juu ya macho, halafu akasimama tu mikono imefunguka kama mtu anayetaka kupokea mtoto, mpira ukadondoka nyuma yake kwenye nyasi. Wawili wakaingia. 15 kwa 14, imeisha.

Usiku uleule bado nina machungu nikaandika ripoti, na mwishoni nikaweka hivi: "Mechi ilikuwa mkononi mwetu, tukaipoteza kwa kosa la mdakaji wetu wa kushoto." Jina sikutaja lakini kushoto ni mmoja. Jumanne hakuja mazoezini. Alhamisi hakuja. Mkewe kamwambia mke wa nahodha kwamba mzee anasema labda muda wake wa kuacha umefika. Wakuu tangu nisikie hivyo silali vizuri. Mimi nimelelewa Pangani, mtu wa umri wa kaka yangu mkubwa humvui nguo mbele za watu, sasa nimefanyaje hiki kitu? Lakini pia ripoti ni ripoti, nikificha nitakuwa naandika uongo. Nyie mngeandikaje?

FundiRedio_Kinondoni:

Shikamoo mzee wangu. Mchezo huo sijawahi kuuona lakini mpira wa kwenye redio nimekua nao, marehemu baba alikuwa na redio ya mbao tunakaa chini pale barazani mtaa mzima. Na wale watangazaji wa zamani, wetu na wa Kenya kina Leonard Mambo Mbotela, kitu walichokuwa wanafanya ni kukuonyesha uwanja. Mpira uko upande gani, nani anakuja, nani kaanguka. Hukumu unaitoa mwenyewe huko ulikokaa.

Sasa hebu angalia, hapa kwetu umetuandikia jua lilikuwa usoni, kaweka mkono juu ya macho, mikono ikafunguka. Nimemuona huyo mzee mpaka nimemuonea huruma. Lakini kwenye ripoti ya timu hivyo vyote hukuandika, uliandika "kosa". Kwa nini sisi tusiomjua umetupa picha nzima na wenzake wanaomjua umewapa neno moja?

Mchambuzi77:

Mimi natofautiana kidogo, nisameheni. Mtu akishavaa jezi kakubali kuandikwa. Nimecheza maveterani hapa Arusha, penalti nimekosa watu wakaandika kwenye grupu nimekosa, iliniuma siku mbili nikarudi. Ukianza kumsitiri huyu kwa sababu ya umri kesho utamsitiri yule kwa sababu ni rafiki yako, mwisho hata ukimsifia mtu hakuna atakayeamini. Mzee akija uwanjani na miaka 74 na goti la bandia anataka ahesabiwe kama mchezaji, akihurumiwa ndiyo atajiona kazeeka kweli.

NesiMstaafu_MN:

Wapendwa hamjambo. Mimi ni Mkenya nipo Minnesota, nimefanya kazi na wazee miaka mingi sana, na mpira huu naufahamu kidogo kwa sababu tukiwa shuleni kule Murang'a sisi wasichana tulicheza raundas, ni karibu kitu kimoja, gongo, mpira, unakimbia unazunguka.

Mchambuzi sikukatai kuhusu ukweli, hata mimi sipendi mzee kudanganywa, anajua haraka kuliko mtoto. Lakini kuna kitu sijaona mtu akiuliza. Zile pointi 14 zilitoka wapi? Huyo mzee alipiga mara ngapi hiyo siku? Maana kaka umetueleza mpira mmoja wa dakika ya mwisho, na yeye alikuwa hapo zamu zote 7 akisimama kwa jua na hilo goti. Nimeona wagonjwa wangu wengi, mtu akifika sabini na kitu watu wanaanza kumkumbuka kwa kile hakuweza. Hakuweza kupanda ngazi. Hakuweza kukumbuka jina. Siku nzima ameoga mwenyewe, amekula mwenyewe, amesoma gazeti, na ripoti ya zamu inaandikwa tu kwamba saa nane aliteleza. Mimi nilikuwa nakataa kuandika hivyo. Nilikuwa naandika aliteleza, ndio, na pia naandika alitembea mpaka dirishani mara tatu bila kushikwa.

Nenda uangalie kitabu chenu cha mechi uniambie.

MwanaPangani:

Dada asante, umenigusa. Nimekiangalia, kuna mama mmoja mke wa mchezaji mwenzetu ndiye anatuandikia kitabu, kanipigia picha ukurasa. Mzee alipiga mara 4 akafanikiwa 3. Zamu ya 3 ndiye aliyeupeleka mpira katikati ya wadakaji wawili wakaingia watu wetu wawili, akafika beisi ya kwanza kwa mguu wake akaomba wa kumkimbilia. Zamu ya 6 akapiga tena, akaingiza mmoja. Yaani pointi 3 kati ya 14 ni zake na mimi kwenye ripoti sikuweka hata moja, niliandika za vijana wetu wa miaka 61 waliopiga mipira ya mbali mpaka kwenye fensi.

Halafu nikakumbuka, mipira ile ya fensi naiandika kwa sababu inapigiwa makofi. Kule kushoto hakuna anayepiga makofi.

Kocha_Dasa:

Shikamoo mzee, na wote humu. Mimi nafundisha softboli na beisiboli kwa wanafunzi hapa Dar, tuna bahati kuna uwanja wa beisiboli pale Azania kwa hiyo watoto wanaujua mchezo. Naomba niingie kiufundi maana naona wote mnajadili kosa wakati mimi sijaona kosa bado.

Kwenye kitabu cha mechi kila nafasi ina namba. Mrushaji 1, mdakaji aliye nyuma ya mpigaji 2, beisi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, yule wa kati ya pili na tatu ni 6, nyuma kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Mdakaji akiharibu, mwandishi anaandika herufi E na namba yake, kwa hiyo kosa la kushoto ni E7. Lakini siyo kila mpira uliodondoka ni kosa. Kosa ni ule ambao kwa juhudi ya kawaida ungedakwa, umemgonga kwenye glavu ukatoka, au kaurusha pembeni. Mpira uliopotelea kwenye jua mdakaji hakuugusa kabisa, kawaida waandishi wanauhesabu kuwa ni pigo safi la mpigaji. Nafasi yenyewe tunaiita ya jua, na watoto wangu nawafundisha kuziba jua kwa glavu na kuutazama mpira kwa pembeni, na bado unawapotea, na wao wana miaka 15.

Kwa hiyo swali langu mzee, mama aliyeandika kitabu aliandika nini pale? Kuna E7 au hakuna?

MwanaPangani:

Kocha.

Nimefungua ile picha nikaikuza. Hakuna E7. Kaandika pigo safi la beisi mbili, wawili wameingia. Nimempigia simu muda huu huu kuhakikisha, kaniambia "hakuugusa, alikuwa haoni, ningeandikaje kosa?" Mwandishi wa kitabu aliona na akaandika sawa, mimi niliyekuwa nimesimama beisi ya kwanza nina hasira ndiye niliyeandika uongo. Wiki mbili nahangaika kama nimsitiri mtu au nisimsitiri, kumbe hakuna cha kusitiri, nimemsingizia.

Mchambuzi77:

Basi hapo hata mimi narudi nyuma. Ukweli niliokuwa naupigania haukuwa ukweli. Mzee andika masahihisho, na uyatume kwa watu walewale wote waliosoma ile ya kwanza, usimtumie yeye peke yake pembeni. Kilichosemwa hadharani kinasahihishwa hadharani.

NesiMstaafu_MN:

Kweli kabisa. Na kabla ya kutuma, kaka, nenda kwake kwanza. Usipige simu. Enda.

Kocha_Dasa:

Naunga mkono. Na nikuongezee kitu mzee maana najua unapenda hii kazi ya ripoti. Softboli yenyewe ilizaliwa Chicago mwaka 1887, siku ya sikukuu yao ya shukrani, watu wamejazana ukumbini wanasubiri taarifa ya mechi ya vyuo vya Yale na Harvard. Matokeo yalipofika mmoja akamrushia mwenzake glavu ya ngumi, yule akaipiga kwa fimbo, ndiyo ukaanza mchezo. Kwa hiyo watu kukaa kusubiri kusikia mechi imeendaje ni sehemu ya huu mchezo tangu siku ya kwanza. Wajukuu wa huyo mzee wanasubiri vilevile.

MwanaPangani:

Wakuu nimerudi. Jana nilienda, nilibeba mahamri mke wangu kapika. Mzee alifungua mwenyewe, glavu yake iko mezani na kopo la mafuta ya ngozi pembeni, alikuwa anaipaka. Nikajua mtu anayetaka kuacha hapaki glavu mafuta. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, nikamwonyesha ukurasa wa kitabu kwenye simu. Akavaa miwani akautazama muda mrefu, akaweka kidole pale kwenye zamu ya 7, halafu akakirudisha mpaka zamu ya 3 akakiacha hapo. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kama ule wa zamu ya 3 ulipita kushoto au kulia kwa yule mdakaji wao mrefu. Nikamwambia kulia. Akasema ndiyo, hata yeye anakumbuka kulia. Tukala mahamri.

Hii ndiyo niliyoituma leo asubuhi kwa timu nzima na kule Tanga, mnirekebishe kama kuna pa kurekebisha:

"Masahihisho ya mechi ya Alhamisi ya wiki juzi. Niliandika tulipoteza kwa kosa la mdakaji wa kushoto. Si kweli, na kitabu cha mechi hakisemi hivyo. Mpira wa mwisho ulipigwa juu ukaingia kwenye jua, ukaanguka bila kuguswa, ni pigo safi la mpinzani, tukafungwa 15 kwa 14. Mdakaji wetu wa kushoto siku hiyo alipiga 3 kati ya 4 na kutuingizia pointi 3, moja ya mipira yake ikipita kulia kwa mdakaji wao wa kati zamu ya 3. Hayo sikuyaandika na yalikuwa ya kuandikwa kwanza. Naomba radhi kwake na kwa familia yake."

Mdogo wangu kajibu kutoka Tanga anauliza huyo mzee anatumia mkono gani kupiga. Nimemwambia kushoto.

FundiRedio_Kinondoni:

Mzee hapo sina cha kurekebisha. Mechi inayofuata lini? Utuwekee ripoti humuhumu.

MwanaPangani:

Alhamisi, uwanja uleule. Nahodha kasema safari hii tukishinda kura ya sarafu tutaomba kupiga mwisho, ili jua likishuka wenzetu ndio wawe wanadaka. Nitawaletea.