Tupeane uzoefu: nguo laini na pasi, uliunguza nini?

Mama wa Katindo: Leo asubuhi jirani kapiga pasi shemizi ya nailoni ya mtoto, ikashika. Ile harufu imenirudisha mbali. Hebu semeni, nanyi yaliwakuta wapi?

Yaya Majengo: Mimi ilikuwa robo, yaani gauni, ya ndoa ya mdogo wangu. Satini nyeupe, ya polista. Umeme ulikatika tangu usiku, saa moja asubuhi nikaazima pasi ya makala (makaa) kwa jirani. Nikaanza na pantalo (suruali) ya papa, ya pamba nzito, kwa hiyo nilikuwa nimejaza makala na kupepea hadi chini pakawa moto kabisa. Papa kavaa, katoka. Nikaweka robo mezani bila hata kungoja pasi ipoe. Ikateleza kidogo, halafu ikashika hapo kifuani. Nilipoinua, kitambaa kikaja nayo. Tundu la pembe tatu, kingo zimekuwa ngumu kama plastiki. Mdogo wangu alikuwa chumba cha pili wanamsuka. Nilisimama pale na pasi mkononi, sauti haitoki.

Mtoto wa Himbi: Yaya, usikatie hapo! Alivaa nini?

Kadutu, Bukavu: Yesu wangu. Kifuani kabisa?

Fundi wa Birere: Polista haiungui kama pamba, inayeyuka. Ndiyo maana inashika. Kwenye lebo tazameni nukta ndani ya kile kipasi kilichochorwa: moja ni kama digrii 110, mbili kama 150, tatu kama 200. Nailoni nyingi na akriliki ni moja, polista mbili, pamba tatu. Anza na zile laini, pamba iwe ya mwisho. Nguo ya caguwa (mitumba) isiyo na lebo, toa uzi ndani ya mshono uuchome: ukinuka karatasi ni pamba, ukinuka nywele ni hariri au sufu, ukijikunja kuwa kipunje kigumu ni polista au nailoni.

Kadutu, Bukavu: Nukta za nini, fundi? Pasi ya makala haina namba. Sisi tunadondoshea tone la maji. Likiruka na kubingirika kama shanga, pasi ni kali mno, iache ipoe. Na kabla hujagusa nguo, kaitikise nje, majivu yatoke.

Lushi, Kenya (komini ya Lubumbashi): Nunueni pasi ya umeme, muache mambo ya zamani.

Kadutu, Bukavu: Umeme wa nani? Unatulipia wewe? Mama yangu amelea watoto saba kwa pasi ya makala, hajaunguza hata leso.

Mama wa Katindo: Jamani, msigombane. Na hariri je? Mimi naimwagia maji kidogo.

Lushi, Kenya: Usithubutu. Matone yanaacha alama. Hariri ipigwe kavu.

Fundi wa Birere: Kavu kabisa mikunjo haitoki. Ikunje ndani ya taulo lenye unyevu hadi iwe na ubichi sawasawa kote, igeuze ndani nje, pasi ya chini. Nguo nyeusi ya polista nayo igeuze, au weka kitambaa cheupe cha pamba juu, la sivyo inang'aa kama imepakwa mafuta.

Mtoto wa Himbi: Mimi pantalo ya shule iling'aa hivyo, mwaka mzima.

Mama wa Katindo: Na pasi ikishagandwa?

Kadutu, Bukavu: Paracetamol. Pasi ikiwa moto, shika kidonge kwa koleo, sugua pale, futa na kitambaa cha pamba. Fungua dirisha, moshi wake mbaya.

Lushi, Kenya: Chumvi juu ya karatasi inatosha, dawa ni ya wagonjwa.

Fundi wa Birere: Ya makala ni chuma kitupu, hata msasa laini unaweza. Ile ya umeme iliyopakwa teflon, hapana, utaikwaruza.

Mtoto wa Himbi: Tumemsahau Yaya!

Yaya Majengo: Nipo. Mama hakunifokea. Aliita kuturiye (fundi wa kushona) wa jirani, naye akakata kipande kwenye mkia wa robo, akashona ua kubwa juu ya tundu. Alimaliza watu wakiwa wameshapanda gari. Kwenye picha zote linaonekana, upande wa kushoto. Wageni walimuuliza mdogo wangu amelinunua wapi. Mimi nilimwambia ukweli baada ya siku tatu, akanishika mkono, tukalia wote. Robo iko kwenye valisi (sanduku) yake mpaka leo.

Mama wa Katindo: Aksanti, Yaya. Hiyo shemizi ya mtoto nitamwambia jirani naye ashonee ua.